Anwani Inayofuata Mama

Siku wanajeshi walipokuja kuchukua maikrofoni zetu, mdomo wangu ulikuwa umejaa ndizi. Ndizi ile iliniokoa, maana bila yake ningecheka, na katika miaka ile ya vita mtu hakuwa anacheka ovyo mbele ya bunduki. Kamanda wao alikuwa ametoka mkoa wa mbali, Kiswahili chetu alikichanganya na Kilingala, na alikuwa ameambiwa kwamba wafanyabiashara wa mji wetu wa Butembo wanatumia foni kumweleza adui jeshi limelala wapi. Akaamua kuinyamazisha. Alichomoa maikrofoni ya redio, akachomoa na ile ya akiba, akazitia kwenye mfuko wa unga. Kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba foni yetu sasa imekufa, na akanipa pole. Alituachia redio yenyewe, antena iliyofungwa kwenye mkaratusi, betri mbili za lori, na waya mweusi uliotoka nyuma ya redio ukaingia kwenye kompyuta.

Hakuuliza waya ule ni wa nini, na mimi sikuona sababu ya kumwelimisha.

Foni ni ile redio ya masafa marefu ambayo kabla ya vita ilitumika kuuliza bei ya maharagi ya Musienene na kujua lori lipi limekwama kwenye matope. Vita vilipokuja, posta haikuwapo, simu hazikuwapo, na barabara ya kushuka mji wa Beni ilifunguka na kufungwa kama mlango wa nyumba yenye ugomvi. Chama cha wafanyabiashara kikaifanya foni iwe ya kutafutia watu waliopotea. Mimi ndiye niliyeiunganisha na kompyuta. Kompyuta iligeuza maandishi yakawa kelele, redio ikairusha kelele hiyo mpaka Beni, na kompyuta nyingine kule ikaigeuza tena kuwa maandishi. Aliyekuwa akitegea sikio alisikia kama mafuta ya kukaanga tu. Kwa hiyo siku ile foni ilikuwa imepoteza mdomo, lakini iliendelea kusema.

Rais wa chama alikuwa baba yangu. Ofisini nilimwita Président kama wengine wote, na si kwa heshima tu. Baba alikuwa na nyumba mbili. Ya juu, kwenye barabara kubwa, ilikuwa ya mke aliyefunga naye ndoa kanisani. Ya chini, huku mtaa wa Kimemi, kwenye mteremko unaoteleza wakati wa mvua, ilikuwa ya mama yangu, na hiyo kanisani haikujulikana. Yaani ilijulikana na kila mtu, mpaka na mbuzi wa majirani, lakini haikusemwa. Baba alinilipia masomo ya informatique, yaani ya kompyuta, kimyakimya, na vita viliponirudisha nyumbani kabla sijamaliza, alinipa kazi ya mashine kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuiweza. Nilimpenda baba. Nilikuwa pia na hasira naye ya kudumu, ya kila siku, kama mtu mwenye jino bovu.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hakuna atakayeelewa kilichotokea. Kwetu mtoto hupewa jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa. Wa kwanza akiwa mvulana ana jina lake, wa pili ana lake, na wasichana vivyo hivyo. Ukisimama sokoni Butembo ukaita jina la mvulana wa pili, nusu ya wanaume watageuka na nusu nyingine watakuonyesha ndugu yao. Na hesabu ni ya mama. Kila mama anaanza kuhesabu upya katika nyumba yake. Mimi ni wa kwanza wa mama yangu, ndugu yangu alikuwa wa pili. Kule juu pia kulikuwa na wa pili, mvulana, aliyekaribiana naye umri. Kwa hiyo baba alikuwa na wana wawili wenye jina moja, na jina la ubatizo pia walilingana, kwa kuwa kila mama alichagua mtakatifu yuleyule bila kumuuliza mwenzake. Watu walichekea jambo hilo kwa miaka mingi.

Kamati ya chama, wazee watupu, ilipokaa kuamua jinsi ya kuandika anwani za watu, iliamua hivi: jina la baba, kilima chake cha asili, na nafasi ya mtoto. Nilisema kwamba kwa hesabu hiyo watoto watagongana. Mzee mmoja akanijibu kwamba mtu mwenye heshima hagongani. Baba alitazama meza. Programu ikaandikwa hivyo, na ujumbe wowote usio na jina la baba ilikataa kuupokea.

Kisha lori la baba likashambuliwa kwenye barabara ya Beni. Lilikuwa limebeba viazi, na juu ya viazi walikaa watu, na kati ya watu hao walikuwa wale wana wawili wenye jina moja. Hawakuwa marafiki, lakini kazi ilikuwa moja. Habari zilizofika Butembo zilisema lori limeungua, wengine wamekufa, wengine wamekimbilia kwenye mashamba ya kakao. Mama yangu aliendelea kuuza maharagi mbele ya nyumba, akikosea vipimo, na wateja wakajifanya hawaoni.

Ndipo mashine ya Beni ikatuma mistari miwili. Mvulana wa pili wa Président, wa Musienene. Yuko hai, amelazwa, mguu umevunjika.

Nilimpelekea baba karatasi dukani kwake. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Hakuniangalia. Akamtuma karani nyumba ya juu, na kabla sijafika chini Kimemi nilisikia wanawake wa juu wakipiga vigelegele. Jumapili iliyofuata misa ya shukrani ilisomwa. Mama mukubwa, ndivyo nilivyomwita mke wa baba, alivaa kitenge kipya na kulia mbele za watu wote, na watu wakalia naye. Sikumchukia kwa hilo. Ningelia hata mimi.

Mama yangu hakwenda kwenye misa. Aliniuliza swali moja tu, akiwa anachambua maharagi kwenye ungo.

"Ni wangu, ao ni wa juu?"

Nilisema sijui. Akaendelea kuchambua. Lakini tangu hapo kila nilipoingia alinyanyua macho, na kila nilipokaa bila kusema neno aliyashusha. Hilo ndilo lililonipandisha hasira mpaka kichwani. Mtu mmoja alikuwa kitandani Beni, ana mama mmoja duniani, na sisi tulikuwa na mashine ya kuzungumza naye, na hatukuruhusiwa kumuuliza mama yake ni nani.

Maana niliomba. Nilimfuata baba ofisini saa ya mapumziko, wengine wameenda kula, nikamwambia nataka kutuma swali Beni. Alisema hapana. Nikamwambia kwamba programu haina mahali pa kuandika mama, na ujumbe wote unasomwa na kamati, kwa hiyo namuomba yeye mwenyewe atoe ruhusa. Alisema tena hapana. Ofisi nzima ingesoma, parokia ingejua, na mkewe alikuwa amekwisha kumshukuru Mungu. Nilifikiri ni aibu tu inayomsemesha, na nikamwambia hivyo, tena kwa sauti. Wakati huo ndipo aliponitazama.

"Nisipouliza," alisema, "bote babili beko bazima."

Sikuwa nimelifikiria hilo, kwamba asipouliza wote wawili wanabaki hai. Nilimwona kwa mara ya kwanza kama mtu aliyefiwa na mwana mmoja na asiyejua ni yupi, na ambaye aliona heri aendelee kutojua. Nilimhurumia. Lakini huruma haikunifunga mdomo.

"Kwako wewe, Papa. Kwa mama hapana."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Papa ndani ya ofisi ile. Akaondoka bila kofia yake.

Wengine wataniuliza kwa nini sikutuma barua. Akina mama wa sokoni walikuwa wanatembea kwenda Beni hata barabara ikiwa imefungwa, wakipita njia za mashamba. Ni kweli. Lakini kwenye vizuizi wanajeshi walikuwa wanafungua barua, na aliyekamatwa na barua alikuwa jasusi mpaka alipe. Halafu barua ingeuliza mara moja, na mimi sikutaka kuuliza mara moja. Kimemi peke yake nilijua wanawake wengi wa nyumba za chini, wanawake wasioandikwa popote, ambao habari za watoto wao zingekuwa zinafika kwenye mlango wa mwingine kila mara. Nilitaka wawe na mlango wao.

Hapa ndipo inabidi nizungumze kuhusu ufundi, nami sitaomba radhi. Ndani ya kompyuta kuna sehemu moja ambayo programu nyingine zote huiomba ruhusa. Siku hizi naona wanaiita kiini. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tulisema noyau. Programu ikitaka kuzungumza na mashine nyingine, haigusi redio yenyewe. Inakiomba kiini kiifungulie soketi, yaani tundu la mazungumzo, na swali la kwanza inaloulizwa ni kuhusu familia. Wewe ni wa familia gani ya anwani? Kuna familia ya intaneti, ambamo anwani ni namba za mashine. Kuna familia ya watu wa redio, ambamo anwani ni jina la kituo. Kuna familia ya programu zinazoongea ndani ya mashine moja, ambamo anwani ni jina la faili. Kila familia ina namba yake, na namba hiyo hukaa mwanzoni kabisa mwa anwani, kiini kiisome kabla ya kitu kingine chochote. Soketi ya familia moja haisikii ya familia nyingine, hata zikipita kwenye waya uleule.

Shuleni wenzangu waliliona jambo hilo la kuchosha. Mimi nililipenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu swali hilo nilikuwa nimeulizwa tangu utotoni na sikuwahi kuwa na jibu la kutosha. Na katika jedwali la familia kulikuwa na nafasi tupu. Mfumo wetu ulikuwa wa ile aina inayogawiwa bure, na msimbo wake wote unaonekana, kila mtu anaweza kuuchokonoa. Kiini kilikubali familia mpya kutoka kwa yeyote atakayekuja na namba isiyo na mwenyewe na kazi za kufanya: jinsi ya kufungua soketi, jinsi ya kuifunga kwenye anwani, jinsi ya kutuma na kupokea. Hakiulizi ndoa ilifungwa wapi.

Nikachukua namba tupu. Nikaanza kufikiria anwani yenyewe, ambayo ilipaswa kuenea katika baiti kumi na nne, nafasi za herufi kumi na nne tu, maana ndizo ambazo kiini kiliacha wazi baada ya namba ya familia. Majina yasingeenea, na majina sikuyataka. Kwenye vizuizi watu walikuwa wanauawa kwa majina. Basi nikafanya kama wanavyofanya bibi zetu wanapotaka kujua mtoto aliyesimama mlangoni ni wa nani. Hawaulizi jina, maana jina haliwaambii kitu. Wanauliza: wewe wa ngapi? Mama yako wa ngapi kwao? Na bibi yako je, na alizaliwa kilima gani? Kwa maswali hayo wanakufikisha mpaka kitandani ulikozaliwa. Ndugu yangu alikuwa wa pili, wa mwanamke wa nne, wa mwanamke wa kwanza, aliyezaliwa naye kilima cha Musienene kama baba. Mbili, nne, moja, na namba ya kilima. Hakuna mwanaume hata mmoja ndani yake. Niliandika mistari hiyo nikiwa na tabasamu ambalo halikuwa la Kikristo.

Kuandika ndani ya kiini si kama kuandika programu ya dukani. Programu ya kawaida ikikosea inaanguka peke yake. Kiini kikikosea, mashine yote inaganda na skrini inajaa namba, na unabaki unaitazama kama mtu aliyemwaga maziwa ya wageni. Nilifanya kazi saa za chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, nikila ndizi juu ya kibodi. Mara nyingi niliigandisha. Mara moja wazee walirudi mapema wakaikuta imeganda, na nikawaambia kwamba ni baridi ya Butembo, mashine nayo inahitaji kitenge. Mzee mmoja alikubali kwa kichwa, akasema hata yeye magoti yanamsumbua.

Mwishowe moduli, yaani kile kipande nilichokiandika, ikapakiwa na kiini kikaikubali. Nilifungua soketi mbili katika mashine moja, nikajitumia salamu kutoka anwani yangu kwenda anwani ya mama, na ikafika. Programu ya kamati ilikuwa ikiendelea pembeni, kwenye redio ileile, na haikuona kitu, kwa sababu ilikuwa ya familia nyingine. Sikupiga kelele. Nilitoka nje nikatembea kuuzunguka mkaratusi kama kichaa, kisha nikarudi kazini.

Ilibaki Beni. Mashine ya kule ilitunzwa na mwalimu wa hesabu, mtu wa mkoa wa mbali wa Kasai, aliyetumwa na serikali kabla ya vita na kusahauliwa hapo na mshahara wake. Tulikuwa tumeandikiana sana kupitia foni bila kuonana uso. Nilimtayarishia disketi yenye moduli na maelezo ya jinsi ya kuipakia, na yale maswali matatu ya bibi zetu ya kumuuliza mgonjwa. Nikampa mama mmoja jirani yetu wa Kimemi, muuza maharagi, aliyekuwa anashuka kwa njia ya mashamba. Aliizika katikati ya gunia. Kwenye kizuizi kimoja gunia lilimwagwa chini na disketi ikaonekana. Mwanajeshi aliitikisa sikioni, akauliza kama ina muziki. Mama yule akamwambia ingekuwa na muziki asingeibeba katika maharagi, angekuwa anacheza. Wakacheka wote, akamrudishia.

Mwalimu alipoipata alinitumia neno kupitia programu ya kamati, maneno ya kawaida tu kwamba mbegu zimefika. Baadaye alinieleza kwamba siku ya ule ujumbe wa kwanza aliona ameandika kila kitu. Kwao, alisema, jina la mtu na la baba yake linatosha, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huku baba mmoja anaweza kuwa na wana wa pili wawili. Nilimwambia asijilaumu, hata kamati yetu, ya watu wa hapahapa, ilijifanya hailijui hilo.

Niliifunga soketi yangu kwenye anwani yangu mwenyewe, nikasubiri. Kuna jambo moja zuri katika kupokea ujumbe kwa njia hii: kiini hakikupi maneno peke yake. Kinakuandikia pia anwani ya aliyetuma. Kwa hiyo kabla sijasoma maneno, ningejua.

Ilikuwa mchana, mvua inanyesha juu ya mabati kiasi cha kutosikia redio. Namba zikatokea.

Mbili, nne, moja. Musienene.

Nilifurahi. Sitajifanya kwamba niliwaza kwanza juu ya mama mukubwa. Sikuwaza juu yake hata kidogo. Niliweka mikono juu ya meza na kulia kwa sauti, na mvua ikanificha. Kisha nikasoma maneno. Ndugu yangu alimwambia mama asiogope, mguu unaunga. Alisema pia kwamba ndugu yake wa juu aliruka kutoka kwenye lori kabla yake, upande wa kakao, na hakumwona tena.

Nilimkuta mama na ungo wake. Nilimwambia. Hakupiga vigelegele. Alimaliza maharagi yaliyokuwa kwenye ungo, moja moja, akatupa mawe, akayamimina kwenye ndoo na kuifunika. Halafu akaingia ndani akatoka amevaa kitenge cha kwendea msibani, akasema twende juu. Nilimwambia kwamba naweza kwenda mwenyewe, au tumtume mtu, au tumwache baba aseme. Alinijibu kwamba mwanamke aliyekuwa anashukuru kwa mtoto wake haiwezekani aambiwe na karani.

Mama yangu hakuwahi kuingia nyumba ile kwa mlango wa mbele. Siku hiyo aliingia. Baba alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, na mama mukubwa alikuwa anakunja nguo alizonunua kumpelekea mwanae hospitalini, shati jipya na suruali, na sweta, ingawa Beni kuna joto. Alipomwona mama yangu alisimama. Wanawake wale walikuwa wameishi mji mmoja miaka yote hiyo na kusalimiana barabarani kwa kichwa tu. Mama yangu alipiga magoti mbele yake kama anavyofanya mdogo kwa mkubwa.

"Mukubwa, ule wa Beni ni wangu," alisema. "Wako aliruka mu kakao. Alikuwa anakimbia. Bahakumuona tena."

Mama mukubwa aliketi na shati mkononi. Aliuliza tumejuaje. Nikamweleza kwa maneno mafupi. Baba akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda kuna kosa, kwamba mashine inakosea, kwamba tungoje. Mama mukubwa alilia, si kama kule kanisani. Alilia bila sauti, akiwa amefunika uso kwa lile shati. Nilitamani kuwa popote pengine, lakini nilikaa. Kama nilikuwa na ushujaa wa kuandika, ilibidi niwe na ushujaa wa kukaa.

Alipofuta uso aliniuliza kama mwalimu wa Beni anaweza kuulizia kwenye vituo vingine, wale watu wa kakao walikokimbilia. Nikasema anaweza. Baba akainuka kidogo, akasema basi kesho tutaandika vizuri, jina lake, kilima chake.

"Hapana," mama mukubwa alisema. "Jina yako njo ilinidanganya."

Kisha akanigeukia, akaniambia kwamba yeye ni wa tano kwa mama yake, na mama yake alikuwa wa tatu, kilima cha upande wa Lubero. Alisema polepole ili nisikosee. Siku ya pili nilifungua soketi ya kumngojea mwanae kwa anwani hiyo, na baba alisimama nyuma yangu akitazama. Kamati ilipojua, iliniamuru niondoe upuuzi ule kwenye mashine ya chama. Niliwaambia wauondoe wenyewe kama wanajua ulipo. Hakuna aliyejua, na Président hakuwasaidia kuutafuta. Wanawake wa nyumba za chini wakaanza kuja mchana, wengine wa nyumba za juu pia, na nilikuwa nawauliza wa ngapi, na mama yako wa ngapi.

Ndugu yangu alirudi akichechemea. Wa pili wa juu hakurudi. Maneno yalikuja kutoka huku na kule, kijana aliyeonekana Mbau, kijana aliyeonekana Mangina, na kila mara haikuwa yeye. Mama mukubwa alikuja kila siku ya soko, akaketi kwenye benchi chini ya antena pamoja na mama yangu, akaniangalia nikitazama skrini.

Vita vilipopungua, simu zikafika, na chama kikaleta vijana wawili waliosoma Kampala kufunga intaneti ya setilaiti. Vijana wazuri, wana haraka. Wakakuta ndani ya kiini familia isiyo kwenye kitabu chao, na soketi moja ambayo ilikuwa wazi muda wote na haikuwa imepokea kitu. Wakaniambia kwa heshima kwamba hiyo haitumiki tena, inachukua nafasi, waifute. Nilikuwa nimefungua mdomo kuwakatalia, maneno makali nilikuwa nayo tayari.

Mama mukubwa alikuwa amekaa pale kwenye benchi lake. Akawajibu kabla yangu.

"Muache. Mutoto wangu hana adresse ingine."